Digrii Nne za Dishon Opicho

Jumamosi ya pili ya mwezi wa Machi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, stima ilipotea katika maabara ya chanjo iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni, Industrial Area, wakati Dishon Opicho akipiga deki ukumbi wa chini. Alikamua tambara, akalitupia kwenye ndoo, akasubiri jenereta ingurume. Haikunguruma. Dizeli ilikuwa imekwisha tangu Alhamisi, na karatasi ya kuombea dizeli nyingine ilikuwa juu ya meza fulani ikingoja sahihi. Karatasi za jengo lile zilikuwa na subira kuliko watu.

Alikwenda chumba cha friji. Friji ilikuwa moja, yenye mlango wa kioo, na ndani yake chupa mia mbili na arobaini, kila moja ukubwa wa kidole gumba, kazi ya miaka sita. Mlangoni palibandikwa karatasi ya kuandikia joto, asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu. Karatasi ilisema Jumamosi asubuhi nne, Jumamosi jioni nne, Jumapili asubuhi nne, Jumapili jioni nne. Munene, karani wa stoo, alikuwa ameijaza yote Ijumaa saa kumi na moja kabla ya kuondoka kwenda harusini Murang'a. Si kwamba Munene alikuwa mtu mbaya. Karatasi hizo hujazwa hivyo, na friji nyingi huwa na adabu ya kutomwaibisha karani.

Kipimajoto kilisema sita. Dishon alisimama akakitazama mpaka kikasema saba.

Alijua maana yake. Daktari Warigia, mkuu wa utafiti, aliwahi kuwakusanya wafagiaji na mabawabu akawaeleza kazi inayofanyika pale, jambo ambalo hakuna daktari mwingine aliyewahi kujisumbua nalo. Chanjo yetu ni protini, alisema. Mdudu wa malaria huingia mwilini amevaa koti. Sisi tumeifundisha hamira kushona koti lile tupu, bila mdudu ndani. Mtoto akidungwa sindano, mwili wake unalisoma lile koti, na siku mdudu mwenyewe akija anakamatwa kabla hajafika kwenye ini. Lakini koti lenyewe lina namna moja tu ya kukunjwa. Likipata joto kupita digrii nane linakunjuka, na likishakunjuka limekwisha, kama ute wa yai uliogusa karai. Chupa zile zilikuwa zikingoja gari la kwenda Bungoma, kwenye vijiji vitatu vya utafiti, na kimojawapo ndimo alimozaliwa Dishon.

Kwa hiyo alifanya lililokuwa mbele yake. Alichomeka fulana ndani ya suruali, akakaza mshipi, akazipanga chupa zote ndani ya fulana, kifuani, tumboni na ubavuni, akafunga koti la kazi juu yake. Kisha akakaa sakafuni. Burale, bawabu wa geti, alikuja akachomoa kipimajoto cha friji na kukiingiza kwapani mwa Dishon.

"Inasema ngapi?" Dishon aliuliza.

"Nne. Nne kabisa."

"Basi wacha nikae."

Alikaa hivyo kwa muda wa saa tisa. Burale alimletea chai, na Dishon akaikataa kwa sababu ilikuwa moto.

Baridi hiyo ya mwili ilikuwa imemwanza mwaka uliotangulia, alipokuwa akibeba nyama Soko la Burma. Mwenye bucha, mzee Mbuthia, ndiye aliyeigundua, kwa kuwa maini yaliyokaa karibu na Dishon Ijumaa yalikuwa hayajabadilika rangi Jumatatu. Alimhamishia kiti karibu na maini. Nesi mmoja alimpima mara mbili, akaandika thelathini na sita nukta tano, maana fomu yake haikuwa na nafasi ya nne. Dishon hakuumwa popote. Alikula vizuri, alicheka, moyo ulipiga. Nyumbani Mbotela mkewe Selpher alianza kulala na sweta na soksi, mtoto wao Mitchelle akahamishiwa upande wa ukutani, na maziwa ya mtoto yakawekwa upande wa baba. Mapenzi hayakupungua. Blanketi ndizo zilizoongezeka.

Jumatatu Daktari Warigia alimpima kwa vipimajoto vitatu, akapata nne, nne nukta moja, na nne. Akavirudisha kwenye kasha.

"Umeokoa miaka sita yangu," alisema. "Unataka nikufanyie nini, Dishon?"

Dishon alikuwa na jibu tayari, kwa sababu halikumtoka kichwani usiku wala mchana. Mama yake alikuwa hoi kitandani kule kijijini. Siku atakayofariki, Selpher angelazimika kwenda na mtoto, akae matangani mpaka watu wanyolewe, kwani mkamwana asiyemzika mama mkwe hana uso wa kurudi tena pale. Mitchelle alikuwa na miezi sita. Alizaliwa Pumwani, akalelewa Mbotela, na hakuna mbu wa kule aliyewahi kumjua. Watoto wa Nairobi wakipelekwa kule malaria huwapiga vibaya kuliko wenyeji, na hapakuwa na ploti Mbotela isiyojua mtoto aliyeondoka akipiga makofi akarudi amefunikwa leso mpaka usoni. Dishon aliogopa. Hakuwa mtu wa kuogopa vitu vingi, lakini hilo aliliogopa.

"Nataka Mitchelle adungwe," alisema. "Zile zote tatu. Kabla kukhu wake, mama yangu, hajaenda."

"Iko list ya watoto wa staff," Daktari Warigia alisema. "Nitaweka jina lake. Sindano ni tatu. Tukianza Aprili, Juni amemaliza. Mama anaweza kungoja mpaka Juni?"

"Nitamwambia ajaribu," Dishon alisema.

Alimpigia mama yake jioni ile na kumwomba ajaribu. Mama alisema atajaribu.

Shida ililetwa na karatasi. Wafadhili walituma mkaguzi, na mkaguzi alikuwa na gazeti lenye tangazo la kukatika kwa stima Jumamosi ile, Industrial Area yote. Aliuliza friji isiyo na stima ilikaaje digrii nne siku nzima. Munene alitoka jasho. Jibu la kweli lilikuwa Dishon, kwa hiyo Dishon aliitwa, akapimwa, akasoma nne. Mkaguzi hakushangaa. Alichotaka kujua ni kama Dishon ana namba, kwa maana kanuni zao haziruhusu chanjo kuhifadhiwa ndani ya kitu kisicho na namba.

Ijumaa Dishon alibandikwa kibandiko chenye namba kwenye kifundo cha mkono. Katika daftari la stoo Munene aliandika: aina, friji, nafasi, chupa mia mbili na arobaini, hali, nzuri. Jina moja haliwezi kukaa katika madaftari mawili, kwa hiyo alilifuta kwenye orodha ya wafanyakazi. Posho ya Dishon ikahamia fungu la matengenezo, na ilifika mapema kuliko zamani. Chupa zote zilihesabiwa kuwa salama, na gari la kwanza likaondoka kwenda Bungoma.

Wiki ya kwanza ya Aprili orodha ya watoto ilirudi. Dishon aliisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, akaenda stoo.

"Munene, jina la Mitchelle liko wapi?"

"List inataka staff number ya mzazi," Munene alisema. "Wewe sasa uko na namba ya vifaa."

"Mimi ni babake."

"Najua, bro. Huyo mtoto hata mimi nimembeba. Lakini kompyuta ikisoma hiyo namba yako inauliza ulinunuliwa mwaka gani. Haiulizi watoto."

"Basi nirudishe kwa list ya staff."

"Nikikurudisha, zile chupa zitakuwa zilikaa kwa mfagiaji. Zote zinamwagwa. Na watoto wa kwenu walioanza sindano wanaachwa katikati." Munene aliinamisha kichwa. "Unataka nifanye hivyo? Sema tu."

Dishon alimfikiria mtoto wa kaka yake, rika moja na Mitchelle, aliyekwisha kudungwa ya kwanza. Akageuka, akatoka stoo.

Daktari Warigia alisema si haki. Alilisema mara mbili, na machozi yalimlenga kweli, kwa maana alikuwa mtu mwenye moyo. Akaandika barua ya kuomba kifaa nambari fulani kihesabiwe kuwa kina mtoto mmoja. Barua ikawekwa juu ya meza fulani ikingoja sahihi.

Kitu chochote chenye namba hakitoki katika jengo lile bila geti pasi. Mwanzoni Munene alimwandikia Dishon pasi kila jioni, akaenda kulala Mbotela na kurudi asubuhi. Mvua za masika zilipoanza, stima ikawa inapotea mara tatu kwa wiki, na wakubwa wakaona si busara friji kuvuka reli kila siku ikilowa. Godoro likaletwa chumba cha friji. Selpher alikuja Jumapili baada ya kanisa, wakaongea kupitia nondo za geti, yeye akiwa amesimama na mtoto, Dishon akiwa amesimama na chupa.

Mama yake alijaribu mpaka Jumanne ya tatu ya Mei.

Dishon aliomba ruhusa ya kwenda kumzika. Aliambiwa, kwa upole, kwamba vifaa havichukui likizo. Hupelekwa matengenezo, na matengenezo yake yalipangwa Novemba. Alilia chumbani mle. Machozi yake yalikuwa baridi kama yeye, na karibu na kope yalining'inia kidogo kabla ya kudondoka.

Selpher alifika getini na begi.

"Nisiende?" aliuliza.

"Usipoenda watasema nini?"

"Watasema hatukumzika."

"Enda, Mama Mitchelle. Lakini beba neti. Usimlaze bila neti hata saa moja."

Alibeba neti. Lakini wakamwana hulala chini katika nyumba ya marehemu, wamepangana ukuta hadi ukuta, na neti haina pa kuning'inizwa. Aliitandaza juu ya mtoto kama shuka, na kila alipopitiwa na usingizi, mkono mdogo ulikuwa nje. Alikaa siku nane. Siku ya tano gari la maabara lilikuja kijijini na sindano ya pili, akamwona mtoto wa shemeji yake akidungwa kutoka chupa moja ya zile alizokaa nazo Dishon sakafuni. Naye alipanga foleni na Mitchelle. Nesi alimuuliza mtoto amelala kijijini siku ngapi. Selpher alisema nne, kwa sababu alikuwa msibani na hakuwa na akili ya kudanganya. Zilitakiwa tisini.

Walirudi Mbotela vichwa vimenyolewa. Siku ya kumi na mbili, Alhamisi, Mitchelle alikataa titi, na jioni alikuwa anachomeka. Kliniki ya karibu walimtazama ufizi.

"Ni meno haya," walisema.

"Tumetoka Bungoma," Selpher alisema.

"Mama, hapa ni Nairobi. Nairobi hakuna malaria." Wakampa dawa ya maji ya kushusha homa.

Ijumaa saa sita na nusu mchana Selpher alikuwa getini kwa maabara, amekuja kwa miguu kutoka Mbotela, ameivuka reli mbiombio. Stima ilikuwa imepotea tangu saa mbili. Chupa za sindano ya tatu, zote, zilikuwa kifuani mwa Dishon, na gari la Bungoma lilitarajiwa saa tisa.

"Soja, niitie Baba Mitchelle."

Dishon alikuja akitembea polepole, kama mtu aliyebeba mayai. Waya wa kipimajoto ulining'inia kutoka kwenye kola yake, na Burale alitembea kando yake akiusoma, kwa maana stima ikipotea ilikuwa lazima friji isomwe kila dakika tano.

"Anaungua," Selpher alisema. "Tangu jana. Macho anageuza hivi. Twende hospitali kubwa, mimi peke yangu watanifukuza tena."

"Sina geti pasi."

"Nani anasaini?"

"Munene. Ameenda kula nyama Burma."

"Na daktari?"

"Yuko mkutano tao. Amezima simu."

Selpher alimgeukia Burale. Burale alivua kofia.

"Dada, wallahi ningefungua," alisema. "Lakini kitu cha namba kikipita hapa bila karatasi, mwizi ni mimi." Alifikiri kidogo. "Mtoto hana namba. Mtoto anaweza kuingia."

Akafungua kile kidirisha cha geti wanachopitishia vifurushi. Selpher alimfungua mtoto mgongoni, akampitisha, kichwa kwanza. Dishon alimpokea kwa mikono miwili, akamlaza kifuani juu ya koti. Hakuwa amemshika tangu Aprili. Alikuwa mwepesi kuliko alivyomwacha, na joto lake lilipita koti, likapita fulana, likafika.

Mitchelle alikuwa akilia kile kilio kikavu kisicho na nguvu. Alinyamaza. Akaweka shavu kwenye shingo ya baba yake, macho yakatulia, vidole vikashika waya wa kipimajoto. Selpher, ameshika nondo, aliona pumzi za mwanawe zikipungua mbio, akaanza kulia kwa sauti ya chini.

"Anatulia," alisema. "Ona. Anatulia."

"Tano," Burale alisema.

Dishon alimfunika kwa mikono.

"Sita."

Kiwandani kwa sabuni wafanyakazi walikuwa wanatoka kwenda kula, wakapita kando ya geti bila kugeuza shingo, kwa kuwa friji kubeba mtoto haikuwa habari.

"Saba," Burale alisema. "Opicho, saba."

Dishon alitaka kulegeza mshipi na kuacha kila kitu kimwagike kwenye kokoto. Alilitaka hilo kwa moyo wake wote, na mkono wake wa kulia ulifika kwenye mshipi. Mtoto wa kaka yake alikuwa amebakisha sindano moja. Watoto wengine tisini na mbili walikuwa wamebakisha sindano moja, na wengi wao aliwajua kwa majina ya baba zao. Akamkumbatia Mitchelle kwa nguvu zaidi.

"Saba na nusu."

Akambusu utosini, pale pasipo na nywele.

"Nane," Burale alisema.

Dishon alimpitisha mtoto kwenye kidirisha, miguu kwanza. Mitchelle alianza kulia upya kabla hajafika mikononi mwa mama yake.

"Dakika tano tu ungeongeza," Selpher alisema. "Tano!"

"Zikipita nane zimeharibika. Ni za watoto wa nyumbani, Selpher. Mtoto wa kaka amebakisha moja."

"Na huyu ni wa wapi?"

Burale aliangalia barabarani. Selpher alimfunga mtoto mgongoni, akakaza leso mara mbili, akakimbia kuelekea barabara kubwa kutafuta bodaboda, kandambili moja ikimtoka mguuni njiani, naye hakurudi kuiokota.

Munene alirudi saa nane na robo akinukia nyama choma. Kipimajoto kilikuwa kimeshuka hadi nne. Alimpiga Dishon begani na kumwambia ahsante kwa kazi. Gari la Bungoma lilikuja kwa wakati.

Hospitalini walimtoboa Mitchelle kidole na kusema malaria imepanda kichwani. Alilazwa siku kumi na moja. Alipona, akaanza tena kunyonya na kucheka, ila akiitwa kutoka upande wa kushoto hageuki. Daktari wa masikio alisema sikio hilo limekufa, na halitafufuka.

Watoto tisini na watatu wa vijiji vile walimaliza sindano zao, na mwaka huo malaria iliwapita karibu wote. Ripoti ya Daktari Warigia ilisomwa nchi nyingi. Ina ukurasa mmoja juu ya kifaa cha kuhifadhia kisichotumia stima, na sehemu inayoeleza ni maeneo gani yatapelekewa chanjo. Nairobi haimo, kwa kuwa Nairobi hakuna malaria. Barua kuhusu kifaa chenye mtoto mmoja bado iko mezani.

Dishon bado yuko chumba cha friji. Kila jioni saa kumi na mbili Burale humwazima simu, naye humpigia Selpher na kuomba apewe mtoto. Selpher humwekea Mitchelle simu kwenye sikio la kulia. Siku za kwanza alikuwa akisahau na kumwekea la kushoto, na Dishon akaongea hata dakika kumi, akimweleza atakavyokuja Novemba, na mtoto akitazama ukuta.